Mikono ya Gauni la Kwaya

Kila Jumamosi asubuhi, Jeannine akishaosha vyombo, alichukua kiroba kitupu akaenda kwa Fundi Scola, hapohapo mtaani kwao Misunkumilo. Aliokota mabaki ya vitambaa chini ya cherehani. Bibi yake, Capitoline, aliyaunga yakawa mashuka ya viraka, na ni mtoto gani wa mtaa ule hajalalia shuka la Bibi Capitoline?

Sheria ya Scola ilikuwa moja. "Kilicho huru sakafuni ni cha Bibi. Kilichofungwa utepe ni cha mteja, hata ukikikuta mlangoni." Maana Scola akishakata nguo, huvifunga vipande vyake kwa utepe wa kitambaa hichohicho, visije vikachanganyika.

Jumamosi moja Jeannine alikuta kifurushi cha kitenge cha bluu kimeangukia nyuma ya cherehani. Kilikuwa kimefungwa. Bluu hiyo ndiyo aliyoikosa katikati ya shuka lake la kwanza, alilokuwa akimshonea mdogo wake mchanga. Akageuka. Scola alikuwa akimpima mtu nje barazani. Jeannine akafungua utepe haraka, akatia vipande vyote kirobani. Mchana huohuo alivikata miraba minane, akaishona.

Jumanne, akitoka shule, alisikia maneno makali kwa Scola.

"Mikono ya gauni langu iko wapi?" Mama Mabula aliuliza, ameshika kiuno. "Jumapili kwaya inaimba, na mimi ndiye naanzisha nyimbo. Niimbe mabega wazi?"

"Dada, niliikata nikaifunga. Naitafuta tangu jana."

"Nyie mafundi ndivyo mlivyo. Mtu analeta doti nzima, anarudishiwa kaptula. Kitenge hiki kimetoka Kigoma, hapa Mpanda hakipo. Naiambia kwaya yote isikuletee sare tena."

Jeannine alipita upesi, kichwa chini. Toka hapo hakutulia. Alikwenda bombani akarudi bila ndoo. Kesho yake mwalimu alipomuuliza saba mara nane, alijibu, "Mikono." Darasa zima likacheka.

Mchana ule alikaa na Bibi kushona.

"Mishono yako inakimbia kama kifaranga aliyeona mwewe," Bibi alisema. "Haya, kitendawili."

"Tega."

"Nimemficha mgeni chumbani. Yeye kalala, mimi silali."

 Sindano ikamchoma Jeannine kidole.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Usidai mji, Bibi. Mgeni mwenyewe huyu hapa." Akaigusa ile miraba ya bluu, akaeleza yote huku machozi yanamtoka.

Bibi hakumpiga. Alimpa wembe. "Fumua taratibu, usichane. Kisha twende. Mimi nitasimama tu, utasema wewe."

Scola alisikiliza mpaka mwisho, akaipanga miraba mezani mmojammoja. 

"Mikono nitaiunga," Scola alisema baadaye. "Ila jina langu nalo limekatwa vipande. Hilo mimi siliwezi."

"Nitaenda kwa Mama Mabula," Jeannine alisema.

Alhamisi alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Akasema mbele ya wote: "Shikamooni. Fundi Scola hakuiba. Mimi ndiye niliyechukua mikono, nikaikata."

Mama Mabula alimtazama. "Kumbe wewe. Umenifanya nimtukane mtu bure, mtoto." Akawageukia wenzake. "Jamani, niliyoyasema juu ya Scola nayafuta. Sare mpelekeeni."

Jumapili Mama Mabula alianzisha nyimbo akiwa na mikono ya viraka, kila mraba umezungushiwa utepe mweupe. Kina mama wawili walimuuliza mtindo ule kautoa wapi. "Muulizeni Scola," akawajibu.

Njiani kurudi nyumbani, Jeannine alimshika Bibi mkono. "Bibi, mimi ni mwizi?"

"Jumamosi ulichukua kisicho chako. Hilo lilikuwa kosa la dakika moja," Bibi alisema. "Jumanne ukamsikia mwenzako anasingiziwa, ukapita. Kutoka hapo, kila saa uliyonyamaza uliiba upya, na safari hii uliiba jina la mtu. Siku uliyosema ndiyo siku uliyoacha kuiba. Ukikosea tena, mjukuu wangu, maana utakosea, usingoje mimi nikutegee kitendawili."