Misindano ya Klementina Juu ya Mwamba

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Klementina aliangalia paa. Bati lipo? Upepo wa hapa Mpui hauna adabu. Mwaka jana uliling'oa, ukalitupa kwenye shamba la ulezi. Tangu hapo waliliwekea mawe juu.

Mumewe, Kasimiri, alikuwa amechoka. "Miche ya kukinga upepo ikifa tena, tunahamia Muze. Huko bondeni watu wanalala."

Klementina hakutaka kuyaacha makaburi ya wazazi wake. Lakini miche hiyo ya misindano, miti jamii ya misonobari, ilikuwa ikifa kila mara. Zamani wakubwa wa serikali waliileta kwa gari, wakapanda, wakapiga picha, wakaondoka. Ilipokufa, wakasema wanakijiji wavivu. Neno hilo Klementina hakulisahau. Mti hauishi kwa picha!

Safari hii alipanda mwenyewe, juu ya intumba, matuta ya mviringo ya Kifipa: majani chini, udongo juu. Kiangazi kilipofika, misindano yote ikaanguka.

"Ng'ombe wako hao!" alimfokea jirani yake Ngeleja, Msukuma mfugaji.

"Ng'ombe wangu wangeila, mama Tadei, wasingeilaza." Ngeleja aliinua mche mmoja. Mizizi ilikuwa imejikunja. "Intumba inafaa maharage. Mti mizizi yake inashuka. Hapa imegonga mwamba, ikakosa njia. Tuta likakauka, upepo ukamalizia."

"Sasa niutafune huo mwamba?"

"Nyie Wafipa mnaweza! Lakini kwetu Mwanza miti inaota katikati ya majabali. Inafuata nyufa."

Akachukua mtaimbo, akagonga. Ko! Ko! Mara mtaimbo ukazama. Ufa! Wakautanua, wakajaza udongo na majani yaliyooza ya intumba za zamani. Wakatafuta nyufa nyingine upande unaotoka upepo.

Mvua zilipoanza, Klementina alichana viriba, akapanda miche midogo. Upande wa chini wa kila mche walipanga mawe nusu duara, yazuie maji na udongo. Wakatandaza nyasi kavu, wakazungushia miiba.

"Miiba ya nini?" Klementina akauliza.

"Ya ng'ombe wangu."

"Ahaa! Umekiri!"

Miaka ikapita. Misindano ikalipita paa kimo. Upepo wa Julai ukaja kwa hasira, ukavunjikia kwenye matawi. Bati halikulia hata kidogo.

Asubuhi Kasimiri alipanda juu ya nyumba, akaanza kuteremsha mawe.

"Unayapeleka wapi, baba Tadei?"

"Kule nyuma kuna ufa mwingine. Lete mche."