Themostati ya Lori la Shangazi

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Shangazi hufungua boneti ya lori. Hukagua oili na maji, kisha hulisemesha kidogo kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi. Lori hilo la zamani waliachiwa na marehemu baba yao, yeye na kaka yake. Shangazi ndiye dereva. Hubeba matofali kutoka kiwandani hadi kwa wajenzi juu ya mlima. Watoto wa kaka yake humwita Shangazi, na mtaa mzima umelidaka jina hilo.

Siku hizo lori lilimvuruga akili. Asubuhi injini ilikataa kupata joto. Ilitoa moshi na kunywa dizeli bila huruma. Mchana, ikipanda mlima na mzigo, ilichemsha hadi mvuke ukafoka.

"Gari gani hili?" alilalamika. "Asubuhi linatetemeka, mchana lina homa!"

Fundi wa kwanza alitafuta themostati. Hiki ni kifaa kidogo cha chuma kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta, yanakopozwa. Hakukuta kitu. Kuna mtu aliitoa zamani.

"Afadhali," alisema. "Maji yapite tu, injini ipoe."

Fundi wa pili alishika kichwa. "Nani kakudanganya? Nunua themostati!"

Shangazi alikwenda dukani, akataja jina lililoandikwa mlangoni mwa lori. Themostati aliyopewa ilikuwa ndogo, ikacheza mahali pake. Akanunua nyingine pana, yenye namba ndogo ya joto, akidhani namba ndogo hupoza zaidi. Hiyo ilikaa vizuri kabisa. Lakini mlimani, lori likachemsha vilevile.

Jioni hiyo kaka yake alimwita.

"Mdogo wangu, nimevumilia vya kutosha. Nimeongea na mnunuzi wa chuma chakavu. Likichemsha tena, analichukua."

Kazi nyingine Shangazi hakuwa nayo, na hakuitaka. Alilala na mawazo tele.

Kulipokucha alibeba zile themostati mbili hadi kwa jirani yao, Mama Nati, muuza spea.

"Mama Nati, nisaidie. Nimechanganyikiwa mpaka basi. Moja inacheza, nyingine inakaa sawa lakini injini inachemsha. Nichague ipi?"

"Hakuna hata moja. Twende kwanza nikaione injini. Imepoa?"

"Imepoa. Haijawashwa tangu jana."

"Vizuri. Injini ya moto haifunguliwi. Maji yatakubabua uso."

Mama Nati aliinama, akasugua uchafu ubavuni mwa injini kwa brashi ya waya. Namba zikajitokeza. Akazisoma mara mbili.

"Shangazi, hii siyo injini ya lori hili."

"Sikuelewi. Iko ndani ya lori langu!"

Kaka yake alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama.

"Kumbe hujui? Ile ya kwanza ilikufa. Mimi na baba tukaweka hii. Wakati huo wewe ulikuwa bado kwa mumeo."

"Na mimi nahangaika na maduka yote! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza injini. Uliuliza themostati."

Shangazi alimtazama kwa hasira, kisha akashindwa kujizuia, akacheka.

"Basi sikilizeni nyote wawili," Mama Nati alisema. "Spea ya injini hainunuliwi kwa jina la mlangoni. Inanunuliwa kwa namba ya injini. Sasa chungulia hapa inapokaa themostati. Unaona tundu hili la chini?"

"Naliona."

"Injini ikiwa baridi, maji huzunguka kupitia hapo, ili ipate joto haraka. Ikipata moto, tundu hili lazima lizibwe, maji yote yaende kwenye rejeta yakapoe. Themostati yenu inatakiwa iwe na kisahani cha chini cha kuliziba. Hii yako pana haina."

"Kwa hiyo maji ya moto yalikuwa yanarudi humohumo?"

"Umeshaelewa! Na ukiitoa kabisa, ni hasara mbili. Asubuhi injini haipati joto, mlimani tundu liko wazi."

"Na namba ndogo ya joto?"

"Namba inasema themostati ianze kufunguka lini, basi. Haiongezi nguvu ya rejeta. Fuata namba aliyoiweka mtengenezaji wa injini."

Mama Nati alileta themostati inayolingana na namba ya injini, yenye kisahani. Ilikuwa imeandikwa 82. Ili kuipima, waliazima sufuria ya mke wa kaka, ambaye alinung'unika lakini akaja kutazama. Waliining'iniza kwa uzi kwenye maji yaliyokuwa motoni, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Maji yalipokaribia nyuzi themanini na mbili, ikaanza kufunguka polepole.

"Hii nzima," Mama Nati alisema. "Hata mpya ipimeni kabla ya kuifunga. Na gasketi, ile ya kuzuia maji yasivuje, muweke mpya."

Siku iliyofuata, themostati mpya ikiwa mahali pake, kaka alipanda lori pamoja na dada yake. Nyuma matofali yalijaa pomoni. Injini ilipata joto mapema. Kwenye mlima macho yote ya kaka yalikuwa kwenye geji ya joto. Mshale ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo. Walipita mahali lori lilipozoea kuchemsha, wakapita kona ya mwisho, wakafika kwa wajenzi.

Kaka alitoa simu, akampigia mnunuzi wa chuma chakavu.

"Ndugu yangu, usihangaike kuja. Lori haliuzwi."

Akasikiliza kidogo, kisha akajibu, "Hapana, halikuwa bovu. Sisi tulikuwa hatuulizani."

Shangazi alizima injini. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

"Kesho tunaanza alfajiri," alisema. "Nina wateja watatu wanaonisubiri."