Nani Aliyechukua Sauti ya Mbunge?

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Kama kawaida yake, Milembe aliamka mapema, akabandika uji wa mama mkwe wake, kisha akachukua ufagio atoke nje.

Mama mkwe aliitwa Kashindye, na Milembe alimwita mayu, yaani mama. Alikuwa bibi mkimya, mwenye macho mekundu. Macho hayo aliyapata jikoni, kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kikavu.

Milembe alifungua mlango, akasimama palepale. Mbele ya kizingiti palikuwa na duara la majivu. Katikati ya duara palikuwa na unyoya mmoja mweusi. Nyayo za katambuga, vile viatu vya tairi, zilitoka njiani hadi mlangoni. Alitafuta nyayo za kurudi. Hazikuwapo.

Alifagia haraka, bibi asije akaona. Kisha akachukua ndoo, akaenda kisimani.

"Mwangaluka," aliwaamkia wanawake wenzake.

Hakuna aliyeitikia. Pampu ililia, kwii, kwii.

"Philomena, umeziba masikio?" Milembe alimuuliza rafiki yake.

Philomena alitazama chini. Kisha akaimwaga ndoo yake iliyojaa, akaenda zake na ndoo tupu. Wengine nao wakaondoka mmoja mmoja. Milembe akabaki peke yake na ile pampu.

Hapo alielewa. Nyumba yao imetengwa.

Katika kijiji chao, karibu na Bariadi, adhabu ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, inaogopwa kuliko kifungo. Aliyetengwa hasalimiwi. Haombi chumvi, haombi moto, hazikiwi. Anaishi kama mtu aliyekwisha kufa ambaye bado anatembea.

Chanzo kilikuwa redio.

Mwezi wa nne, mbunge wao, Mheshimiwa Novatus Nkinda, alikuja kijijini. Wakulima walimweleza habari za tozo mpya kwenye pampu za kunyunyizia pamba. Mbunge aliinua mkono juu, akaapa. "Wakiileta kwenye bajeti, nitasema Hapana!" Watu wakashangilia. Koo lilikuwa limemkauka, na Kashindye akampa maji kwenye kibuyu. Mbunge akapaliwa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na bibi akamsugua shingo. Alipopanda gari, sauti yake ilikuwa imekauka kabisa.

Mwezi wa sita wanakijiji walikusanyika kwenye ghala la pamba kusikiliza kura ya bajeti redioni. Majina yaliitwa moja baada ya jingine. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Sauti zilifanana, kama mtu mmoja anajibu kutoka ndani ya pango. Kisha likaitwa jina la Novatus Nkinda.

"Ndiyo."

Machibya, mtemi wa sungusungu, alitikisa kichwa.

"Hiyo si sauti yake," alisema. "Yake tuliisikia hapa, ikiapa Hapana. Imechukuliwa."

Na kila mtu akakumbuka kibuyu cha Kashindye, na macho yake mekundu.

Sasa mkutano mkubwa wa sungusungu, dagashida, ulipangwa Alhamisi. Ungeamua kama Kashindye afukuzwe kijijini. Bibi wa miaka themanini angekwenda wapi? Na Milembe alijua habari za vikongwe wengine, ambao hawakufika hata walikofukuziwa.

"Masunga, huyu ni mama yako," alimwambia mumewe. "Utasema nini Alhamisi?"

Masunga aliendelea kuchambua pamba. "Sheria ni sheria," alijibu. Hakumtazama.

Kesho yake Milembe alipanda bodaboda hadi Bariadi mjini. Binamu yake Nancy alikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi moja pale mjini, na alikaa mtaa wa Somanda. Milembe alimkuta kazini. Nancy alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakushangaa.

"Mlitaka aseme Hapana, akasema Ndiyo," alisema. "Twende taratibu, dada. Kila neno linalosemwa bungeni huandikwa. Kumbukumbu hizo huitwa Hansard. Ziko kwenye tovuti ya Bunge, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma."

"Hata mimi?"

"Kwani hujui kusoma?"

"Najua. Polepole."

"Polepole inatosha."

Nancy alifungua kompyuta. "Kura nyingi bungeni hupigwa kwa sauti," alieleza. "Wanaokubali wanasema Ndiyo kwa pamoja, wanaokataa wanasema Siyo. Hapo huwezi kujua nani kasema nini. Lakini bajeti kuu ya Serikali ni tofauti. Kila mbunge anaitwa kwa jina lake. Anasema Ndiyo, au Hapana, au hana uamuzi. Jibu lake linaandikwa."

Alichapa kurasa za mwaka huu na za miaka mitatu ya nyuma. Milembe aliweka kidole kwenye karatasi, akakishusha jina kwa jina. Mwaka huu: Novatus Nkinda, Ndiyo. Mwaka jana: Ndiyo. Mwaka juzi: Ndiyo. Mwaka wa kwanza wa ubunge wake: Ndiyo.

Kidole kilisimama.

"Nancy! Miaka hii mitatu alikuwa hajafika kijijini kwetu. Alikuwa hajanywa maji ya mayu."

"Sikutaka kukuambia," alisema Nancy. "Nilitaka uone mwenyewe. Sasa tazama na wenzake. Huyu ni wa pwani. Huyu wa kusini. Huyu wa Zanzibar."

"Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo," alisoma Milembe. "Hawa nao walikunywa wapi? Mayu hajawahi kufika hata Mwanza!"

"Ni wa chama kimoja na mbunge wenu. Sasa soma hawa waliosema Hapana."

"Nao wamefuatana."

"Ni wa chama kingine. Nao wamekwenda pamoja."

Milembe alikirudisha kidole juu, akaanza upya. Majina mengi vile, na jibu lilijulikana kabla jina halijaitwa.

"Kwa hiyo wote wamechukuliwa sauti?"

"Usiwahukumu haraka," alisema Nancy. "Kabla ya kura, wabunge wa chama hukutana peke yao na kukubaliana msimamo. Kuna mnadhimu wa chama, kazi yake ni kuangalia safu isivunjike. Na Katiba yetu inataka mbunge awe mwanachama wa chama. Akifukuzwa chamani, ubunge wake umekwisha. Tena Bunge likiikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja, wote warudi kuomba kura."

"Basi ni woga."

"Wengine woga. Wengine wanaamini kweli. Na sisi wapiga kura tulipomchagua, tulichagua pia ilani ya chama chake. Karatasi haisemi moyoni mwake kuna nini. Inasema alichojibu tu. Ndiyo maana usisome kura peke yake. Soma na hotuba."

Alimwonyesha ukurasa mwingine. Siku nne kabla ya kura, Novatus Nkinda alisimama bungeni. Alisema tozo ya pampu itawaumiza wakulima wa Simiyu. Alisema kwa ukali, aya nzima. Kisha akamaliza: "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja."

"Heee!" Milembe alicheka bila kutaka. "Ameitukana mboga, kisha akala ugali wote!"

Nancy naye alicheka. "Wengi hufanya hivyo. Chamani amebaki, na nyumbani amesikika."

"Kwa hiyo mtu anaweza kukubali jambo asilolitaka, kwa sababu akikataa atatolewa kundini..."

Milembe hakumaliza. Aliziona tena zile nyayo za katambuga. Zilifika mlangoni na hazikurudi. Mwenye nyayo hakuwa jini. Alimwaga majivu, akafungua mlango, akaingia ndani kulala.

Jioni alimkuta Masunga kwenye rundo la pamba.

"Majivu ulimwaga wewe."

Masunga alikaa chini kama aliyekatwa miguu. "Waliniagiza, waone kama niko pamoja nao," alisema. "Machibya aliuliza kama tutengwe. Wote wakaitikia Ndiyo. Nami nikaitikia. Ningekataa, ningetolewa sungusungu."

"Uliitikia dhidi ya mama yako."

"Sauti yangu ilipotea katikati ya zao, Milembe. Hata mimi sikuisikia."

Alhamisi watu walijaa uwanjani, wanaume wameshika fimbo. Kashindye aliketishwa peke yake juu ya kigoda, na kumzunguka palikuwa na uwazi mpana. Hakuna aliyetaka kivuli chake kimguse. Hata upepo ulikuwa umetulia.

Milembe aliomba ruhusa, akasoma. Alisoma polepole, miaka yote minne. Kisha akauliza, "Kama sauti ilichukuliwa mwezi wa nne, hii ya mwaka wa kwanza ilichukuliwa na nani?"

"Karatasi nayo hurogwa!" alipiga kelele mmoja nyuma. Watu wakacheka.

"Basi twende wote Bariadi," alijibu Milembe, "tusome kwenye kompyuta. Au tumpigie mbunge mwenyewe."

Kicheko kilikatika. Machibya alichukua karatasi, akazitazama kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuitikiwa.

"Tumesikia," alisema. "Sasa tuamue. Wanaotaka Kashindye ahame, waseme..."

"Mtemi," Milembe alimkatiza. "Nakuomba. Ita majina."

"Hatujawahi kuita majina."

"Najua, baba. Leo kila mtu ajibu peke yake, na iandikwe."

Minong'ono ilipita uwanjani kama panya kwenye makuti. Machibya alimwita karani alete daftari la sungusungu.

"Mabula."

Mabula alimtazama bibi. "Ndiyo," alisema, lakini chinichini.

"Thomasi."

"Ndiyo."

"Masunga."

Kalamu ya karani ilingoja juu ya karatasi. Watu walimtazama kama anayezama.

"Hapana," alisema mwishowe. Kisha akapaza sauti. "Hapana! Andika. Huyu ni mama yangu, na hana kosa."

Alivuka ule uwazi, akasimama nyuma ya kigoda cha mama yake.

Aliyefuata alisema Hapana. Na aliyefuata. Mabula aliinua mkono. "Mtemi, mimi nifutie. Niliogopa kuwa wa kwanza."

Karani alipofika mwisho wa daftari, Hapana zilikuwa nyingi kuliko Ndiyo. Machibya mwenyewe aliitwa mwisho. Alivua kofia.

"Hapana," alisema. "Na kutengwa kumekwisha leo hii."

Philomena alikuwa wa kwanza kukimbia kumshika bibi mkono. Alikuwa analia.

Mwezi wa nane mbunge alikuja. Hakuna aliyemzomea. Milembe alisimama na karatasi zake.

"Mheshimiwa, tumesoma hotuba yako na tumesoma kura yako. Kwenye kikao cha chama chenu ulisema nini?"

Mbunge alivua miwani. "Nilisema tozo itawaumiza. Nikazidiwa. Kisha nikaenda na wenzangu."

"Hayo tutayasoma wapi?"

"Kule, mama, hakuna Hansard."

Wengi walikifikiria kile chumba wasichokijua, ambamo sauti huingia nyingi na kutoka moja.

"Basi usituapie kura ambayo si yako peke yako," alisema Milembe. "Tuahidi unachokiweza."

Mbunge alivaa tena miwani yake. "Naahidi kuuliza swali bungeni kuhusu tozo hii. Naahidi kuchangia. Na kabla ya bajeti nitakuja kusikiliza, na baada yake nitakuja kueleza."

Karani aliandika yote.

Tangu hapo Milembe huleta Hansard kutoka mjini, na watu huzisoma kwenye ghala la pamba. Wanaojua kusoma huwasomea wasiojua. Huangalia mambo matatu: mbunge alisema nini, aliuliza nini, na jina lake lilipoitwa alijibu nini.

Mwezi wa sita uliofuata walikuta swali lake limeulizwa, na waziri amejibu kuwa tozo ya pampu itatazamwa upya. Walikuta pia jina lake, kwa mara nyingine, kwenye Ndiyo.

Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Hakuna aliyetaja jina la bibi yeyote. Machibya aliusoma ukurasa mara mbili, kidole kikifuata mistari. Kisha akachukua simu.

"Mheshimiwa," alisema, "tumeona ulivyojibu. Tunakungoja uje utueleze."