Picha Isiyo na Macho

Kila nilipotoka shule nilikuwa na kazi moja kwenye studio ya shangazi: kupiga picha ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani. Herufi ndogo zikisomeka, lenzi ni nzima. Kazi rahisi, lakini mimi Kiherehere, kama walivyoniita nyumbani, nilijiona fundi kamili.

Jumanne moja niliangusha lenzi nikiifuta. Kioo hakikupasuka, basi nikairudisha kwenye kamera kimyakimya. Gazeti sikulipiga. Niliogopa kuziona zile herufi.

Mara akaingia bibi mshonaji, jirani yetu.

"Nipige vizuri, mwanangu," alimwambia shangazi. "Sina picha hata moja ya kuwaachia watoto."

Siku nne baadaye bibi akafariki.

Binti yake alikuja akilia, anataka picha. Shangazi akaukuza uso kwenye kompyuta. Masikio yalionekana hadi matundu ya hereni. Macho yalikuwa ukungu mtupu. Picha tano, zote vilevile!

"Njoo kesho, mama," shangazi alimwambia. Binti alipoondoka, shangazi akajishika kichwa. "Macho yangu yamekwisha. Bora niiache kazi hii."

Ukungu ule ukanifuata. Niliuona kwenye kioo cha bafuni, nikauona kwenye dirisha la darasa. Uso hauna macho, lakini naapa ulikuwa unanitazama mimi. Chakula kikanishinda.

Kesho yake nilipotoka shule nilishindwa kuvumilia. "Shangazi, macho yako hayana kosa. Lenzi niliiangusha mimi, siku ile ya bibi. Na gazeti sikulipiga."

"We mtoto! Unaniacha nijilaumu hivi?" Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akageukia kompyuta ghafla. "Ngoja. Kumbe lenzi inalenga nyuma ya pale ninapolenga! Ndiyo maana masikio yametoka na macho hayakutoka. Laiti angerudi nyuma kidogo..."

"Alirudi!" nikaropoka. "Nilipomtania kwamba amekaa kama anasubiri sindano. Ulikuwa umeshalenga, akacheka, akaegemea nyuma."

Picha hiyo, ya sita, shangazi aliitenga bila hata kuikuza, kwa kuwa bibi hakutulia. Sasa akaikuza. Jamani! Macho yalikuwa pale, kope moja moja, na machozi ya kicheko. Nililia kwa sauti.

Binti yake alipoipokea, aliikumbatia. "Ndiye mama huyu," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akicheka."

Tulipobaki wawili, shangazi alinikalisha kwenye kiti kilekile cha bibi.

"Kuangusha ni bahati mbaya, hata mimi nimeshaangusha. Kuficha ndiko kubaya. Ungesema Jumanne ileile, ningebadilisha lenzi nikampiga upya akiwa hai. Leo tumebahatika tu, na tumebahatika kwa sababu umesema kweli. Usingoje tena mpaka mtu afe."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Haya, kapige gazeti."

Nikalipiga. Herufi zilikuwa ukungu. Nikampelekea shangazi kamera mwenyewe, kabla hajaniuliza.