Mita Mia Tatu Kusini

Maiti ilikuwa kifudifudi chini ya meza, mkono mmoja umenyooshwa kama wa mtu anayetafuta kalamu iliyomwanguka. Kompyuta ilikuwa bado inaunguruma. Kwenye kioo chake kulikuwa na ramani ya mtaa wa Timbwani, na juu ya ramani nukta moja nyekundu ikimetameta.

Inspekta Hafswa Mwinyihaji alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Nani amegusa kitu humu?"

"Mimi, Afande. Shingo yake tu." Aliyejibu alikuwa Gershom, mwenye ofisi hiyo ya kupima ardhi, ghorofani juu ya duka la vyuma hapo Likoni. "Nilirudi kutoka Changamwe saa kumi na moja na robo, nikamkuta hivi."

"Ulimwacha hai saa ngapi?"

"Saa saba. Alikuwa peke yake. Mwenzake, Badi, nilimtuma Timbwani akapime kisima."

Marehemu aliitwa Mahfudh Shee, miaka ishirini na tisa, mchora ramani. Alipigwa kisogoni mara moja tu, na aliyempiga hakuwa na haja ya mara ya pili. Pembeni, vigingi kumi na viwili vya chuma, vya kutia kwenye pembe za viwanja, vilikuwa vimeegemezwa ukutani. Kumi na kimoja vilikuwa na vumbi. Kimoja kilikuwa safi.

"Hicho kisafi," Hafswa alimwambia Koplo Ruwa. "Kifunge, kiende kwa mkemia. Alama za vidole hatutapata. Damu huenda tukapata."

Ukutani, juu ya kompyuta, palibandikwa karatasi ya mwandiko wa marehemu. Hafswa aliisoma yote, kama alivyozoea kusoma karatasi zote za kuta za watu.

*Ramani ikikusumbua, usipige meza. Soma hapa kwanza. Ikifunguka tupu, umeikuza mno, ipunguze. Mistari isipokutana, umeiacha pembe wazi. Nukta zikihama mita mia tatu kusini, hujarogwa: kifaa cha setilaiti kina kipimo chake cha dunia, na ramani yetu ya zamani ina chake. Usiguse mipangilio ya kifaa. Niletee namba mbichi, nitazigeuza mimi.*

"Karatasi hii aliwaandikia nani?"

Gershom alitazama sakafu. "Badi, miezi minane iliyopita. Ofisi hii ina watu watatu, Afande. Na mimi sipimi tena."

Kabla ya magharibi mtuhumiwa alikuwa ndani. Rashid, mwenye duka la vyuma, alimwona Kitsao, fundi wa baiskeli wa Timbwani, akishuka ngazi za mbele saa saba na nusu akitukana kwa sauti. Mwezi mmoja nyuma tingatinga lilikuwa limebomoa nyumba ya mama yake. Nyumba ilikuwa yao, ardhi si yao, kama ilivyo kwa wengi wa huko. Lakini mwenye ardhi yao hakuwafukuza. Aliyebomoa alikuwa mwenye kiwanja cha jirani, aliyefuata mstari wa ramani iliyotoka ofisi ya Gershom.

"Ana sababu, ametukana, ameonekana," alisema mkuu wa kituo. "Jumatatu namfikisha mahakamani kwa mauaji. Wewe unatafuta nini tena?"

"Aliyeua, bwana mkubwa."

"Tunaye!"

"Tunaye aliyetukana. Daktari anasema marehemu alikufa baina ya saa nane na saa kumi."

"Basi alirudi. Ngazi za nyuma zipo."

"Za nyuma zipo kwa kila mtu."

"Una mpaka Jumatatu. Na usinitie aibu."

Kitsao hakumpa Hafswa salamu. Alikaa sakafuni mwa seli, magoti kifuani.

"Ulikwenda kufanya nini pale?"

"Kumtukana. Andika. Nilimtukana yeye na mashine yake."

"Akajibu nini?"

"Akasema nirudi Jumatatu na mama, atatupa karatasi. Karatasi! Mama analala kwenye banda la kuku, yeye ananipa karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Nilingoja aseme? Nyinyi mnaingoja ya nini, si mmeshaamua? Ninyongeni mrudi makwenu."

"Kwetu ni hapa, na watoto wangu hawajala. Nijibu vizuri nami nikale nao. Ulirudi pale alasiri?"

"Sikurudi."

Nje, kwenye baraza ya kituo, mama yake alikuwa ametandika leso akakaa. Aliitwa Kadzo. Hafswa alipopita, alitema mate karibu na viatu vyake.

"Wewe una mwana?"

"Ninao wanne, mama."

"Mmoja akifungiwa humu kwa kosa la mwingine, utapita hivyo hivyo na viatu vyako vya kung'aa?"

Hafswa alikwenda kumsubiri Badi, aliyeitwa usiku huohuo.

Badi Mwarandu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, shati limepigwa pasi. Aliketi kama mtu anayemfanyia mwenyeji hisani. Aliweka mezani daftari lake la kazi.

"Leo alasiri ulikuwa wapi?"

"Timbwani, kisimani. Kisima kile kimo katika ramani tangu zama za Waingereza. Watu wanalalamikia mpaka, Gershom akanituma nikihakikishe. Nilipima saa tisa, saa kumi, na saa kumi na nusu. Yote yameandikwa."

Ukurasa ulikuwa safi. Tarakimu nne za mwisho, zile za kuonyesha kaskazini na kusini, zilikuwa 7826. Mara tatu. 7826, 7826, 7826.

Hafswa alifungua kurasa za nyuma. Huko kulikuwa na jasho, udongo, na namba zilizokatwa kwa mstari mmoja. Wapimaji hawafuti; wakikosea hukata, kosa libaki likionekana.

"Leo hukukosea hata mara moja?"

"Miaka thelathini nimepima pwani hii, bibi. Kwa mnyororo, kabla ya hivi vidude vyenu. Nikosee nini?"

"Kuna aliyekuona?"

"Wangesema? Watu wale wanatuchukia. Hata ukiwaapisha, watasema sikuwapo."

"Ulipatana na marehemu?"

"Alikuwa mtoto. Mtoto haudhi." Akatabasamu. "Unaye yule muhuni wa baiskeli. Wanishika mimi kwa lipi?"

"Sijakushika. Niachie daftari na kifaa."

Ijumaa asubuhi, mapema, Hafswa alikwenda kisimani na Koplo Ruwa na Gershom. Watu wa Timbwani walikuwa wameshaamka, na hawakuamka kwa heri. Walipoona kile kifaa chenye antena, kumbi la nazi lilirushwa, likampata Gershom begani.

"Huyo ndiye mwenye ofisi!"

"Mmekuja kubomoa kisima nacho?"

"Atakayerusha la pili nitamlaza kituoni!" Hafswa alipaza sauti. "Ondokeni hapo, mnatuzibia!"

Kadzo alikuwa ameshafika, akisimama na mikono kiunoni.

"Mama Kitsao, jana alasiri alikuwapo mpimaji hapa?"

"Mpimaji? Hapa?" Kadzo alicheka bila furaha. "Angekuja mpimaji jana, leo ungekuwa na maiti mbili."

Wanawake waliokuja na ndoo wakaunga mkono. Hafswa alijua wakili angewafanyaje mahakamani: *watu hawa wanamchukia mteja wangu*. Alihitaji shahidi asiyemchukia mtu.

"Washa kifaa," alimwambia Gershom. "Mipangilio iko vilevile?"

"Vilevile. Hakuna anayeigusa. Hiyo ni sheria."

Kifaa kilichukua dakika kumi kutafuta setilaiti zake. Gershom akakiweka juu ya ukingo wa kisima, akasoma: "7531."

Wakangoja nusu saa juani, wakizomewa. "7498."

Nusu saa nyingine. "7544."

"Mbona zinabadilika na hatujasogea hatua?"

"Ndivyo kilivyo, Afande. Hakitui mahali pamoja. Leo hamsini huku, kesho hamsini kule."

"Na ramani kwenye kompyuta inasema kisima kiko wapi?"

Gershom alifunua karatasi yake. Alisoma mara moja, akasoma tena, kisha akaketi kwenye ukingo wa kisima.

"7826," alisema.

"Nani alichora ule mstari wa tingatinga?"

"Mahfudh."

"Gershom. Watu wamekurushia makumbi kwa sababu ya mstari ule. Nani aliuchora?"

"Wiki ile Mahfudh alikuwa matangani, kwa babake. Mteja alikuwa na haraka. Badi akasema anaweza." Alijifuta uso. "Mimi nikatia sahihi."

Saa nane mchana Badi aliketi tena mbele ya Hafswa. Shati lilikuwa jingine, pasi ileile.

"Nataka kuandika maelezo yako vizuri," Hafswa alisema. "Kifaa ulikibadilisha mipangilio?"

"Sikukigusa. Sheria ya ofisi."

"Namba hizi uliambiwa na mtu?"

"Nilizisoma mwenyewe kwenye kifaa."

"Ukiwa kisimani?"

"Nikiwa kisimani. Mara ngapi nikwambie?"

"Hutaki kubadili?"

"Wallahi sibadili herufi."

"Tia sahihi."

Akatia. Hafswa alivuta karatasi, akaupuliza wino, akaiweka mbali na mikono ya Badi.

"Kifaa kile hakijawahi kuiona namba 7826 kikiwa kisimani. Kinasoma mita mia tatu pungufu, upande wa kusini, na kila usomapo hugeuka. Namba yako imo mahali pamoja tu: kwenye kompyuta, juu ya kichwa cha marehemu. Ulimuua, ukakaa kwenye kiti chake, ukanakili namba kutoka kwenye kioo. Ile nukta ya kisimani uliiacha ikimetameta."

"Kifaa ni kibovu."

"Kizima. Mahfudh alikuandikia ukutani. Hukusoma?"

Badi alinyoosha kola ya shati lake.

"Nimekuuliza, Badi. Miezi minane karatasi imekaa mbele ya macho yako. Hukuisoma?"

"Nisome nini?" Sauti ilipasuka. "Nisomeshwe na mtoto niliyemfundisha kushika penseli? *Usipige meza*. Aliniandikia ukutani kama mtoto wa chuo anayejifunza alifu, wageni wanaingia wanasoma! Nilidhani ni maneno yake ya kujiona. Mita mia tatu! Dunia ni moja, itakuwaje na vipimo viwili?"

"Kwa hiyo siku ile ulichora kwa namba mbichi."

"Nilichora nilivyosoma."

"Na nyumba isiyohusika ikabomolewa."

Badi alitazama mikono yake. "Sikujua. Wallahi sikujua mpaka aliponionyesha. Kisima sikwenda, ningekwendaje, wangeniua. Nilizunguka, nikarudi ngazi za nyuma. Nikamkuta ameshachora mstari mwingine, ameandika na barua. Akasema Jumatatu mama yule anakuja, nimwombe radhi mimi mwenyewe. Mimi, mbele ya wanawake wa Timbwani! Nikamwambia aifute barua. Akasema, 'Mzee Badi, ungesoma tu.' Akanigeuzia mgongo, akaendelea na kompyuta yake."

"Barua iko wapi?"

"Niliichana. Nikaitia baharini."

"Ukanyamaza kijana wa watu anyongwe."

"Si alitukana?"

Hafswa aliinuka. "Kazi yako yote ina makosa, Badi, nimeisoma kurasa themanini. Ungalikosea na jana kama kawaida yako, ningalikuamini."

Barua ilikuwa imekwenda, lakini kompyuta haikuwa na sababu ya kumwogopa Badi. Gershom alimfungulia Hafswa faili la mwisho la Mahfudh, wakalichapisha: mstari mpya, na nyumba ya Kadzo nje yake.

Kitsao alitoka seli saa kumi. Alimpita Hafswa, akamshika mama yake mkono. Kadzo hakuinuka.

"Mwanangu umenipa. Na nyumba?"

"Hii ndiyo karatasi aliyotaka kuwapa marehemu. Inaonyesha hamkuwa na kosa. Mpelekeeni wakili."

Kadzo aliipokea, akaigeuza juu chini. Hakujua kusoma ramani, lakini kisima alikijua. Aliweka kidole juu ya duara dogo la bluu, akakisogeza polepole mpaka penye mraba mdogo.

"Hapa ndipo jikoni," alisema.

Kisha akaikunja, akaifunga pembeni mwa leso, akaenda zake. Asante hakusema, na Hafswa hakuingoja.