Fundo la Mguu wa Mzee Ikapel

Asubuhi moja ya mwaka 1974, katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ya Malaba, Mzee Ikapel alikutwa amefungwa mguu kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda. Alikuwa hai na mwenye hasira, hali ambazo kwake hazikuwahi kutengana.

"Ni sista Petronilla," alisema. "Andika."

Inspekta Mutwalibu, aliyeitwa kutoka Busia, aliandika. Kumfunga mgonjwa kulitosha kumfutia muuguzi leseni, na baraza la nidhamu lilingoja ripoti yake tu.

"Ulimfunga?"

"Hapana, afande," alijibu Petronilla. "Nikitaka mtu atulie, namkaripia. Waulize."

Wodi nzima iliafiki, kwa unyonge.

Inspekta alikichunguza kielelezo. Fundo lilikuwa la kitanzi: mfungwa akivuta, linabana, lakini ncha ya nje, asiyoifikia, ikivutwa, linafunguka. Bandeji ilikuwa ya hospitali, jambo lisilomsaidia Petronilla.

Barazani palikuwa na kuku aliyefungwa mguu kwenye nguzo. Inspekta akainama, akavuta ncha ya kamba. Fundo lilifunguka vilevile, kuku akaondoka.

"Afande, huyo nimemletea daktari," alilalamika Amoding, mke wa Ikapel.

"Nitamkamata, mama. Kuku ulimfunga wewe?"

"Mimi."

"Na mzee?"

Amoding alitazama alikokimbilia kuku.

"Bandeji nilipewa nifue," alisema hatimaye. "Daktari ameshona ngiri yake, akasema asitembee. Jana jioni nikamsikia akipanga kuvuka mpaka kwenda Uganda, eti rafiki yake ana chungu cha pombe. Angerudi ameshika matumbo. Akasinzia, nikamfunga. Nilijua asubuhi atanitaja mwenyewe."

Inspekta alirudi kitandani. "Mzee, uliamka ukamwona mkeo akifunga?"

Ikapel aligeukia ukuta. "Nilimwona."

"Ukamtaja sista."

"Ningesema nini? Kwamba Ikapel, mwenye ng'ombe, amefungwa na bibi yake kama kuku? Sista ni kijana, angepata kazi ingine. Aibu yangu ningeipeleka wapi?"

"Mzee," alisema Petronilla, akivuta kiti, "sasa nisikilize vizuri."

Wodi ilijifunika mablanketi.

Ripoti ilimwondolea Petronilla lawama zote. Inspekta alimwonya Amoding kwamba mgonjwa hafungwi, hata na mkewe. Amoding aliitikia kwa heshima, akapokea kuku, akampelekea daktari, kisha akaenda nyumbani na suruali zote za mumewe kikapuni. Baraza la nidhamu halikuwa na kanuni yoyote kuhusu suruali.