Nilimchagulia Kituo

"Fundi, hebu njoo uone. Mbona jina langu liko hapa?"

Alikuwa amesimama mbele ya ubao wa matangazo nje ya maktaba, kidole kakibana kwenye karatasi utadhani jina litamkimbia. Orodha za wapiga kura wa kituo cha chuoni zilikuwa zimebandikwa asubuhi hiyo ili wanafunzi wakague majina yao. Mimi nilijua jina lake liko pale. Nilijua kwa wiki tatu nzima. Lakini nikasogea, nikakunja uso, nikasoma kama mgeni.

"Labda ni mtu mwingine mwenye jina kama lako," nikasema.

"Mwenye namba ya kitambulisho kama yangu pia? Na hii picha, si mimi huyu? Fundi, mimi nilichagua kituo cha nyumbani."

"Basi mfumo umekosea."

Nimeshasema uongo mwingi maishani, wa kuchelewa kazini na wa kukwepa sherehe za watu. Huu nilioutoa pale ubaoni ndio ulionimaliza.

"Nibadilishie sasa hivi."

"Muda wa kuhama kituo ulifungwa juzi, mpenzi."

"Kwa hiyo simpigii mama yangu kura."

Nikajifanya nasoma majina ya wengine.

Niwaambie kwanza huyu ni nani. Chuo kizima kilimwita Mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyeongoza kamati ya wanafunzi ya uandikishaji. Zamani mwanafunzi aliyetaka kuwa mpiga kura alilazimika kusafiri hadi kwao, apange foleni siku mbili, arudi akute mtihani umempita. Rafiki yake wa chumba kimoja alirudia mwaka kwa safari ya namna hiyo. Mwenyekiti akaapa haitatokea tena. Miaka miwili aliandika barua, akafukuzwa ofisi hii, akaingia ile, mpaka wakubwa wakakubali mwanafunzi ajiandikishe mtandaoni. Unafungua ukurasa, unaweka namba ya kitambulisho, unachagua kituo cha nyumbani au cha chuoni, kisha unaweka namba ya siri inayoingia kwenye simu yako. Unabonyeza "Thibitisha". Umemaliza, na chai yako bado ina moto.

Ukurasa huo niliutengeneza mimi, fundi wa mitambo wa chuo. Yeye alikaa kiti cha pembeni akinisahihisha kila neno.

"Hapo usiandike 'utapangiwa kituo'," aliniambia siku moja. "Andika 'chagua kituo'. Hawa watu wamepangiwa kila kitu tangu wazaliwe."

Nikampenda hapo hapo, na sikujua pa kujificha.

Mama yake alikuwa anagombea udiwani kwao, safari ya saa tano kutoka chuoni. Kila Mwenyekiti alipotoka nyumbani alirudi na habari za mwalimu mmoja jirani. Mwalimu kambandikia mama mabango. Mwalimu kasema hivi, mwalimu kacheka vile. Wivu ulinipanda hadi usingizi ukanihama. Siku aliponiambia, "Uchaguzi ukifika naenda nyumbani, kuna jambo kubwa nataka kulimaliza," nilijua limenifika. Jambo kubwa na nani tena, kama si na huyo mwalimu?

Alijiandikisha ofisini kwangu, kwenye mashine yangu, kwa sababu kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka. Akachagua nyumbani. Kabla hajabonyeza chochote zaidi, wakamwita nje kwa jambo la kamati.

"Nimalizie, Fundi, simu nakuachia. Namba ya siri ikiingia, iweke tu. Nakuamini."

Namba ikaingia. Nami nikarudi nyuma hatua moja, nikaondoa "nyumbani", nikaweka "chuoni". Nilijiambia kuwa kituo chake kikiwa hapa, siku hiyo atabaki hapa, tutapanga foleni moja, na mwalimu atambandikia mabango mtu mwingine. Ujumbe wa kuthibitisha ulipofika kwenye simu yake, nikaufuta.

"Tayari?" aliuliza aliporudi.

"Tayari."

Akanibusu kwenye paji la uso kwa kazi nzuri.

Sasa turudi kwenye ubao. Uongo wangu ulimfikia afisa wa uandikishaji kabla ya chakula cha mchana. Kumbe huyo tangu mwanzo hakuupenda mtandao, alikuwa anatafuta pa kushika. Akampigia Mwenyekiti simu tukiwa ofisini kwangu, sauti yake ikasikika mpaka nilipokaa.

"Binti yangu, nasikia ukurasa wenu unahamisha watu wenyewe."

"Ni jina moja tu, mzee. Langu."

"Leo lako, kesho la nani? Kesho saa sita nataka maelezo. Nisiporidhika naufunga, na wanafunzi warudi makwao wakapange foleni kama zamani."

Alikata. Mwenyekiti akanigeukia, macho mekundu, lakini sauti imetulia.

"Fundi, kila kinachobonyezwa kwenye ule ukurasa kinaacha kumbukumbu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Saa na mashine?"

"Ndiyo."

"Nitolee kumbukumbu zangu. Kama mfumo umekosea, tujue umekosea wapi, urekebishwe. Kama haujakosea, nimwonyeshe yule mzee. Siwezi kuacha watu elfu nne warudishwe barabarani kwa ajili yangu."

Ningeweza kuzichezea zile kumbukumbu. Ujuzi ninao. Nilikaa mbele ya mashine nusu saa, vidole vikiwa juu ya vitufe, naye nyuma yangu amekaa kwenye kile kiti chake cha pembeni akisubiri. Mwishowe nikachapa karatasi kama ilivyo. Nikampa bila kumtazama.

Alisoma kwa sauti, taratibu.

"Saa kumi kasoro dakika mbili, kituo: nyumbani. Saa kumi na dakika tatu, kituo kimebadilishwa: chuoni. Mashine namba nne." Akainua macho. "Mashine namba nne ni ipi?"

"Ni hii."

"Saa kumi na dakika tatu nilikuwa nje na kamati."

"Ndiyo."

"Nani alikuwa hapa?"

"Mimi."

Nilitegemea atapiga kelele. Ningependa apige kelele. Aliikunja karatasi mara mbili, akauliza kama anamwuliza mtoto:

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaenda usirudi. Yule mwalimu..."

"Mwalimu yupi?"

"Anayemsaidia mama yako. Kila siku mwalimu, mwalimu..."

"Mwalimu ana miaka sitini na mbili, Fundi. Ndiye aliyenifundisha kusoma."

Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaniwekea usoni. Ulikuwa ujumbe wa mama yake:

"Mwambie mkwe asione haya. Chumba cha uani nimeshakipaka rangi. Siku hiyo nishinde nisishinde, nitakuwa nimepata mtoto wa kiume."

Nilisoma mara mbili. Neno "mkwe" likagoma kunitoka machoni.

"Jambo kubwa lilikuwa wewe," akasema. "Ungepiga kura yako hapa asubuhi na mapema, tukapanda basi, saa tisa tuko nyumbani, nami nikapiga yangu kabla hawajafunga. Ruhusa yako nilishakuombea kwa mkuu wako. Nilitaka nikushtukize."

"Nisamehe."

"Ungeniuliza. Neno moja tu, ningekwambia."

"Nisamehe, Mwenyekiti. Nilikupenda kupita kiasi."

"Usilitie pendo kwenye hili. Miaka miwili nimepigania mwanafunzi achague mwenyewe. Hakuna afisa aliyethubutu kunichagulia. Umenichagulia wewe, kisha ukanitazama usoni ukasema mfumo umekosea."

Akaondoka. Kile kiti kikabaki kitupu.

Kesho yake saa sita, kikao kilijaa. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Afisa aliisoma karatasi, akavua miwani.

"Kwa hiyo si mfumo."

"Si mfumo, mzee. Ni mtu."

"Mtu gani?"

Nilijua akinitaja, kazi sina tena. Na nilijua hapo ndipo pa kusimama niseme ni mimi, mwanamume mzima, mwenye miguu miwili. Sikusimama.

"Ni mtu niliyempa namba yangu ya siri," alisema. "Kosa la kumpa ni langu. Ukurasa usifungwe. Ila naomba uongezwe mstari mmoja pale juu, kila anayefungua auone."

"Sema."

"'Jaza mwenyewe. Usimpe mtu akujazie, hata umpendaye.'"

Watu wakacheka. Hata afisa akatabasamu, akagonga meza.

"Limepita. Fundi yuko wapi? Fundi, uweke leo leo."

"Sawa, mzee," nikajibu kutoka mlangoni.

Nikaenda nikauweka, herufi moja moja, kwenye mashine namba nne.

Siku ya uchaguzi nilipanga foleni peke yangu. Nilikuwa nimempigia simu mara ishirini na kitu, haipokelewi. Karani wa kituo aliweka rula juu ya orodha, akalikata jina langu kwa kalamu nyekundu. Majina yetu yanaanza na herufi moja. Yeye alizoea kunitania kwamba hata daftari limetuoza. Jina lake lilikuwa juu ya langu, safi, halijaguswa.

"Huyu wa juu yako bado hajafika," karani alisema. "Unamfahamu?"

"Hatakuja. Yuko kwao."

"Sasa kwa nini alijiandikisha hapa?"

"Nilimwandikisha mimi."

Karani aliniangalia kidogo, akanipa karatasi ya kura, akaniambia nisogee.

Siku ya pili ujumbe wake uliingia. Wa kwanza tangu kikao, na ndio wa mwisho.

"Mama ameshindwa kwa kura mia tatu na kumi. Kwa hiyo usijipe ukubwa, hukumwangusha wewe. Kaniuliza mkwe yuko wapi, nikamwambia hayupo. Usinitafute."

Nikaandika "Pole". Nikafuta. Nikaandika tena, nikatuma. Haikufika, alishanifungia.

Alimaliza mitihani yake mwaka ule bila kupita tena kwenye korido ya ofisi yangu. Nilisikia anafanya kazi mji mwingine, anafungulia vyuo vingine kurasa kama ule. Mimi nipo pale pale. Awamu mpya ya uandikishaji ilianza juma lililopita na ukurasa unakwenda vizuri, hakuna anayesafiri tena, hakuna anayekosa mtihani. Jana aliingia binti wa mwaka wa kwanza, haraka haraka, mkoba begani.

"Shikamoo, Fundi. Simu yangu kioo kimepasuka, na mimi nina kipindi. Nijazie basi, simu nakuachia, namba ya siri ikiingia uiweke."

"Marahaba. Soma kwanza pale juu."

Akainama, akasoma kwa sauti mpaka mwisho, "hata umpendaye," akaangua kicheko.

"Nani kaandika haya? Huyu alitendwa!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Alitendwa."

Nikamvutia kile kiti cha pembeni, akakaa, akajaza mwenyewe.